Mabwawa ya Majitaka ya Isiolo na Gesi Isiyonuka

Uvundo unaowafanya wapita njia wazibe pua karibu na mabwawa ya majitaka si wa metheni. Ile inayonuka kama mayai viza ni haidrojeni salfaidi. Metheni hutoka kwenye bwawa hilohilo, tena kwa wingi zaidi, lakini haina harufu, haina rangi, wala haiwashi macho. Ndiyo maana wakazi huenda ofisi za kaunti kulalamikia uvundo, huku gesi yenye madhara mapana zaidi ikiendelea kupaa bila mtu kuiulizia.

Kwa uzito uleule, metheni hushika joto karibu mara 28 ya kaboni dioksaidi ikipimwa kwa miaka 100, na zaidi ya mara 80 ikipimwa kwa miaka 20. Lakini hudumu hewani takriban miaka 12 tu, kwa hiyo ikipunguzwa sasa, nafuu yake haikawii. Huchangia pia ozoni ya karibu na ardhi, ambayo huumiza mapafu, hasa ya wenye pumu. Mwaka 2023 Kenya ilijiunga na ahadi ya kimataifa ya kupunguza metheni duniani kwa angalau asilimia 30 kufikia 2030, ikilinganishwa na kiwango cha 2020.

Isiolo inaingiaje hapa? Mji una kampuni yake ya maji na majitaka, IWASCO, na mabomba yake hayajafika kila mtaa. Wakazi wengi bado wanatumia vyoo vya shimo, na wengine matangi ya majitaka yanayonyonywa kwa lori. Majitaka ya mabomba husafishwa kwa mabwawa, njia inayotumika katika miji mingi ya Kenya, hadi kule Ruai yanakoishia majitaka mengi ya Nairobi. Hatua ya kwanza ya mfumo huu kwa kawaida ni bwawa lenye kina, ambamo uchafu mzito hutuama na kuozeshwa na bakteria wasiohitaji hewa. Kisha maji hupita kwenye mabwawa ya kina kifupi, ambako mwani na jua humalizia kazi ya kuua vijidudu. Sioni mfumo unaoufaa mji huu kuliko huo: hautaki umeme, hautaki mitambo ya bei, na jua ni la bure.

Shida iko kwenye lile bwawa la kwanza. Vijidudu vinavyozalisha metheni huzubaa halijoto ikishuka chini ya nyuzi 15 hivi, na ndiyo maana mabwawa ya nchi za baridi hupumzika wakati wa kipupwe. Isiolo haina kipupwe. Bwawa linatoa mapovu mwaka mzima, na hilo si hitilafu ya mtambo bali ndiyo kazi yake: kadiri linavyosafisha vizuri, ndivyo linavyotoa gesi.

Tupige hesabu kwa viwango ambavyo IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, huyapa mataifa. Mtu mmoja barani Afrika hukadiriwa kutoa kila siku uchafu unaohitaji gramu 37 za oksijeni ili kuozeshwa, na kwa kila gramu ya oksijeni hiyo inayohitajika, uchafu unaweza kuzaa hadi gramu 0.6 za metheni. Bwawa lenye kina cha zaidi ya mita mbili huhesabiwa kuwa hufikia asilimia 80 ya uwezo huo. Majitaka ya watu 1,000 yakiingia humo, hutoka karibu kilo 18 za metheni kwa siku, yaani tani 6.5 kwa mwaka. Katika mwongozo wa jopo hilohilo wa mwaka 2006, ng'ombe wa Afrika asiye wa maziwa alikadiriwa kutoa kilo 31 kwa mwaka. Kwa kadirio hilo, watu 1,000 na bwawa lao ni sawa na boma la ng'ombe 200 hivi.

Bila shaka mifugo ya kaunti nzima inayashinda mabwawa kwa mbali. Ila ng'ombe wametawanyika kutoka Merti hadi Garbatulla, na hakuna awezaye kuwafunika turubai. Gesi ya bwawa iko mahali pamoja.

Choo cha shimo cha familia ndogo, katika eneo kavu ambako maji ya ardhini yako chini ya shimo, hukadiriwa kufikia asilimia 10 tu ya uwezo wa metheni. Kwa hiyo nyumba ya mtaa wa Bulla Pesa au Kulamawe inapoachana na shimo na kuungwa kwenye bomba linaloelekea bwawa la kina, metheni ya kinyesi cha familia hiyo yaweza kuongezeka mara nane. Asije mtu akasema basi tubaki na mashimo. Bomba huondoa kinyesi karibu na visima na watoto, na kuhara au kipindupindu huua leo, si baada ya miaka 20. Ninachosema ni kwamba bomba na mpango wa gesi viende pamoja.

Na mpango huanza kwa kupima. Nchi tajiri zina kamera za mwanga usioonekana kwa macho, leza, ndege zisizo na rubani, na magari yenye maabara ndani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton waliendesha gari la namna hiyo kuzunguka mitambo 63 ya majitaka ya Marekani na mwaka 2023 wakatangaza kuwa metheni yake ilikuwa karibu maradufu ya makadirio rasmi. Nchini Denmark, watafiti waliopima mitambo 23 ya bayogesi walikuta ile ya majitaka ikivujisha wastani wa asilimia 7.5 ya metheni inayozalisha. Isiolo inaweza kuanza na kifaa cha bei nafuu: pipa lililopinduliwa likaelea juu ya bwawa, hewa iliyomo ichotwe kila baada ya dakika kadhaa na kupelekwa maabara. Lipimwe asubuhi na mchana, kiangazi na masika, kwani bwawa halipumui kwa kiwango kimoja.

Kupunguza kuna ngazi zake. Ya kwanza ni kuondoa tope kwa wakati, likifika kujaza theluthi moja ya bwawa. Tope likiachwa, uchafu husukumwa hadi mabwawa ya nyuma, nayo yakaanza kuoza na kutoa gesi, huku maji yanayotoka yakiwa hayajasafika. Tope lililotolewa likaanikwa kwa tabaka jembamba hukauka upesi kwenye jua la Isiolo na kutoa metheni kidogo. Likifukiwa bichi, linaendelea kuchacha ardhini.

Ngazi ya pili ni kufunika bwawa la kwanza kwa turubai zito la plastiki na kuivuta gesi kwa bomba. Hata ikichomwa tu pale pale, kilo moja ya metheni hugeuka kilo 2.75 za kaboni dioksaidi, ambazo madhara yake ni madogo mno kuliko ya metheni yenyewe. Ikitumika kupikia ni bora zaidi. Machinjio ya Keekonyokie kule Kiserian yamegeuza uchafu wake kuwa bayogesi, na vyoo vya umma vya shirika la Umande Trust huko Kibera huwasha majiko. Kwenye karatasi, gesi ya wale watu 1,000 ingetosha majiko ya familia 20 hivi.

Hapa ndipo kuvuja kwenyewe kunapoanzia, maana gesi iliyofungiwa hutafuta tundu. Metheni ikichanganyika na hewa kwa asilimia 5 hadi 15 hulipuka kwa cheche moja. Kila kiungo cha bomba kipakwe maji ya sabuni na kukaguliwa mapovu mara kwa mara, na sigara isikaribie. Asiingie mtu kwenye shimo la majitaka bila hewa kupimwa, hata kama hasikii harufu: haidrojeni salfaidi ikizidi huua pua kwanza, halafu mwenye pua.

Watakuja pia wanunuzi wa hewa ukaa, wakitaka kuuziwa hesabu ya gesi iliyozuiwa. Isiolo inawajua, kwa kuwa mradi wa kaboni wa malisho wa shirika la Northern Rangelands Trust umeleta mabishano marefu, yakiwemo ya namna kaboni ilivyohesabiwa. Mabwawa yapimwe kwanza, na vipimo viwekwe wazi, kabla ya yeyote kutia saini.

Serikali ya kaunti na IWASCO, mnapopanga bwawa jipya au upanuzi wa mabomba, andikeni turubai, bomba la gesi na ratiba ya kuondoa tope ndani ya mkataba kabla tingatinga halijaanza kuchimba. Kuyaongeza baadaye ni ghali, na bajeti ya baadaye haijulikani.