UREA HUPIMWAJE KATIKA MBOLEA ZA POLEPOLE?

Katika njia ya kale ya misafara, itokayo Bagamoyo hadi Ujiji kupitia Tabora, wapagazi wa Kinyamwezi walishusha pembe za ndovu pwani na kupandisha vitambaa na shanga bara. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, mizigo ilianza kuhama mabegani mwao. Mbolea ni mojawapo ya mizigo inayopanda leo, na gharama ya safari hiyo ndefu kutoka bandarini huongezwa katika bei ya kila mfuko. Mkulima wa Urambo au Sikonge ana haki ya kujua hasa alichonunua.

Sehemu kubwa ya udongo wa nchi hiyo ya miombo ni kichanga chenye mboji kidogo. Mvua yake, karibu milimita 900 kwa mwaka, hunyesha zaidi baina ya Novemba na Aprili. Urea ya kawaida, yenye naitrojeni asilimia 46, huyeyuka upesi. Mvua kubwa ikiikuta, sehemu yake huzama chini kupita mizizi. Ikiachwa juu ya ardhi, huweza kupotea hewani ikiwa amonia. Kwa sababu hiyo wanakemia walibuni mbolea za polepole. Nyingine ni punje za urea zilizovikwa ganda la salfa au plastiki. Nyingine ni urea iliyounganishwa na formaldehaidi kuwa minyororo ambayo vijidudu vya udongo huivunja kidogo kidogo. Hata hivyo, upole nao una mpaka: tumbaku ikiendelea kupata naitrojeni nyingi mwishoni mwa msimu, majani hubaki ya kijani na hayaivi vyema.

Basi maabara huulizwa: katika naitrojeni iliyoandikwa kwenye mfuko, urea iliyo huru ni kiasi gani?

Njia ya Kjeldahl, iliyotangazwa Copenhagen mwaka 1883, haiwezi kujibu. Mbolea huchemshwa katika asidi kali ya sulfuriki hata naitrojeni ya urea na ya minyororo igeuke amonia, nayo amonia hupimwa. Ni kama karani wa forodha ahesabuye mizigo bila kuifungua. Udhaifu huohuo ulitumiwa na walaghai wa maziwa nchini China, kashfa iliyofichuka mwaka 2008: melamini ilihesabiwa kana kwamba ni protini.

Njia ya pili hutumia kimeng'enya kiitwacho ureazi, ambacho James Sumner alikipata katika hali ya fuwele mwaka 1926 kutokana na maharage ya Canavalia ensiformis. Kimeng'enya hiki huivunja urea huru kuwa amonia. Lakini amonia iliyokuwamo tangu awali hapana budi itolewe katika hesabu, na metali kama shaba hukidhoofisha, hesabu ikawa pungufu. Njia ya tatu, ya rangi ya manjano, ni rahisi na ya haraka. Ila ncha za minyororo mifupi hufanana na urea, na huweza kuzidisha kipimo. Kromatografia ya kioevu hutenganisha urea na kila mnyororo mfupi. Kwa mbolea ya formaldehaidi ndiyo ya kuaminiwa zaidi, ingawa mtambo wake ni ghali na wahitaji umeme usiokatika.

Kwa punje zenye ganda mambo hugeuka. Zikisagwa, ganda huvunjika, na urea yote huonekana kuwa huru! Punje nzima hulowekwa majini. Kipimo kinachofuatwa Ulaya hutaka, katika nyuzi 25, isitoke zaidi ya asilimia 15 kwa saa 24, wala zaidi ya asilimia 75 kwa siku 28. Hapa njia ya rangi yatosha kabisa, kwani hakuna minyororo ya kuidanganya. Ila mchanga wa Tabora wakati wa jua kali hupita nyuzi hizo, na joto huharakisha kutoka kwa urea.

Shule isiyo na mtambo yaweza kujaribu njia ya pili. Unga wa soya mbichi una ureazi. Ukichanganywa na maji ya urea na kuachwa mahali pa vuguvugu, karatasi nyekundu ya litmasi iliyoloweshwa, ikishikwa juu ya chombo, hugeuka buluu. Unga uliochemshwa kwanza hauigeuzi, kwa maana joto limekwisha kukiharibu kimeng'enya.