Vijiji vya Msitu wa Boni: Kwa Nini Huduma Huchelewa Kufika

Mtu akitoka Hindi kuelekea Kiunga, haukupita muda mashamba hupungua, nyumba hukatika, na msitu hushika pande zote mbili za barabara. Huko ndiko viliko Milimani, Basuba, Mangai, Mararani na Kiangwe, vijiji vitano vya Wadi ya Basuba, Lamu Mashariki. Ukimuuliza mwenyeji umbali wa kijiji cha pili atakujibu kwa saa, na kwanza atataka kujua kama mvua imenyesha.

Huu si msitu wa mvua kama ule wa Kakamega. Ni msitu wa pwani, ambao hustawi kwa masika na unyevu wa Bahari Hindi. Sehemu yake ni Hifadhi ya Dodori, na ng'ambo ya mpaka wa Garissa iko Hifadhi ya Boni. Zote mbili zilitangazwa mwaka wa 1976. Nyati, nyani na tembo hupatikana humo, pamoja na paa nunga, mnyama mdogo aliye adimu duniani.

Wenyeji wa vijiji hivi wengi wao ni Waaweer. Majirani huwaita Waboni, jina ambalo baadhi yao hawalipendi. Lugha yao iko karibu na Kisomali na wazungumzaji wake ni wachache, lakini karibu kila mmoja hujua Kiswahili pia. Zamani hawakuwa na vijiji vya kudumu. Walihama kufuata asali, matunda, mizizi na wanyama wa kuwinda. Vita vya Shifta vya miaka ya 1960 vilipochacha, walitolewa msituni wakakusanywa kando ya barabara. Kisha mwaka wa 1977 uwindaji ukapigwa marufuku kote nchini. Kwa hiyo, katika muda usiozidi miaka kumi na mitano hivi, watu waliolishwa na msitu walijikuta wakitakiwa kuwa wakulima, tena mahali ambapo hawakupachagua kwa ajili ya kilimo.

Kufuga ng'ombe hakuwezekani kwa urahisi kwa sababu ya mbung'o. Kilichobaki ni shamba dogo la mahindi, kunde na ufuta, ambalo hutegemea mvua na hulindwa usiku na mchana. Nyani huja mchana, nguruwe na nyati huja usiku. Familia yenye watu wawili tu wenye nguvu haiwezi kulinda zamu zote, na hapo mavuno hupotea hata mwaka wa mvua nzuri.

Asali ndiyo iliyobaki kuwa mali. Mizinga huchongwa kutoka kwa magogo na kutundikwa juu ya miti, na asali ya nyuki wa porini hutafutwa pia kwa kumfuata ndege mwonyesha asali, ambaye humwita mtu na kumtangulia hadi penye nyuki ili naye apate nta na mabuu baada ya mzinga kufunguliwa. Mavuno hutegemea maua, na maua hutegemea mvua. Uzuri wa asali kwa kijiji kama Mararani ni kwamba haiozi. Embe na mahindi mabichi hayawezi kusubiri barabara ikauke, lakini asali iliyokomaa na kufungwa vizuri huweza kukaa miezi mingi hadi gari lipatikane. Tatizo ni kwamba anayeuza mara moja kwa miezi kadhaa hana nguvu ya kubishana bei. Mnunuzi aliyefika na gari ndiye anayeitaja.

Usalama nao umebana kazi hii. Mashambulizi ya mwaka wa 2014 na baadaye yalifanya zahanati na shule za vijiji hivi kufungwa, na mwaka wa 2015 serikali ya kitaifa ilianzisha Operesheni Linda Boni. Tangu hapo kuingia msituni mbali na kijiji kumekuwa jambo la kufikiriwa mara mbili, na kuna mizinga iliyobaki juu ya miti bila mwenyewe kuifikia.

Afya ndiyo inayoonyesha wazi zaidi maana ya kuishi mbali. Chanjo nyingi za watoto lazima zikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 tangu zinapotoka bohari hadi zinapomfikia mtoto. Zahanati isiyo na jokofu linalofanya kazi haiwezi kuziweka, kwa hiyo lazima ziletwe kwenye kisanduku cha barafu na kutumika kabla barafu haijayeyuka. Gari likikwama kwenye tope njiani, safari nzima imepotea hata kama hakuna kilichovunjika. Hali ni hiyo hiyo kwa aliyeumwa na nyoka au mama aliyeshikwa na uchungu. Kiangwe angalau wana njia ya maji, na boti huweza kuwafikia. Waliomo ndani zaidi wana barabara peke yake. Kliniki za kuzunguka, zikiwemo za shirika la Safari Doctors lenye makao yake Lamu, na madaktari wa jeshi wamewahi kuziba pengo hilo, lakini kliniki ya kuzunguka hupanga siku yake, na ugonjwa haupangi.

Ndiyo maana mama mjamzito anayetarajia kujifungua kati ya Aprili na Juni hushauriwa kumwona mhudumu wa afya ya jamii mapema, na ikiwezekana kusogea karibu na hospitali kabla barabara haijafunga. Kwa familia, ushauri huo una gharama: nani atabaki na watoto, na nani atalinda shamba msimu huo wa kupanda? Hilo lazima lizungumzwe nyumbani miezi miwili au mitatu kabla.

Kwa upande wa shule, kuna wanafunzi waliolazimika kuhamishiwa shule ya bweni Mokowe ili waendelee na masomo. Mtoto hupata darasa, ila hukosa miaka ya kujifunza msitu kutoka kwa babu yake.

Wakaazi wengi huuliza malalamiko yapelekwe wapi. Kwa mujibu wa Katiba, zahanati, ambulensi, shule za chekechea na barabara za kaunti ziko chini ya serikali ya kaunti. Walimu wa shule za msingi, usalama na barabara kuu ziko chini ya serikali ya kitaifa. Mwaliko wa kutoa maoni kuhusu mpango wa maendeleo wa mwaka hutolewa kabla ya Septemba 1, siku ambayo sheria inautaka mpango huo uwe umefika katika bunge la kaunti. Asiyeweza kusafiri hadi kwenye mkutano anaweza kuandika maoni na kuyakabidhi kwa msimamizi wa wadi.

Hasara inayotokana na wanyamapori huripotiwa kwa KWS, na madai hupitia kamati ya kaunti ya uhifadhi na fidia chini ya sheria ya mwaka wa 2013. Sheria hiyo inaweka fidia ya kifo kuwa shilingi milioni 5, na ya ulemavu wa kudumu shilingi milioni 3. Kwa mazao, kuna sharti ambalo wengi hulikuta wakiwa wamechelewa: asiyechukua hatua ya kulinda shamba lake anaweza kunyimwa fidia. Kibanda cha ulinzi na ua wa miiba, pamoja na shahidi aliyeviona, vina uzito katika madai.

Kuhusu ardhi, Kifungu cha 63 cha Katiba kinayatambua maeneo ya asili ya jamii za wawindaji na wakusanyaji kuwa ardhi ya jamii. Isiposajiliwa, serikali ya kaunti huishikilia kama mdhamini tu. Ili kuisajili chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka wa 2016, jamii huita mkutano wa wanajamii wote, huchagua kamati ya watu 7 hadi 15, kisha hupeleka orodha ya wanajamii, kumbukumbu za mkutano na kanuni zake kwa msajili. Kazi hiyo inahitaji watu kukutana mahali pamoja, na kwa vijiji hivi vitano miezi ya kiangazi ndiyo inayofaa, barabara ikiwa kavu na waliohamia Hindi na Mokowe wakiweza kurudi kwa siku chache.