Popo wa Pua-jani: Majirani wa Usiku Tusiowajua kwa Majina

Jua likishazama Kibiti, mlinzi wa mpunga hupanda dungu lake. Hofu yake ni nguruwe na viboko, basi macho yake yako chini, kwenye mipaka ya shamba. Juu ya masuke vivuli vidogo huanza kupita, vinageuka ghafla hewani, vinapotea na kurudi. Mtoto husema ni popo, mzee naye husema ni popo, na mazungumzo huishia hapo.

Nasema hatujawatendea haki. Chini ya neno hilo moja tumewafunika wanyama wa kila namna: wala matunda wanaofuata maembe na mikorosho, wala wadudu wa kwenye mapaa ya nyumba, na wale ninaotaka kuwaeleza leo, ambao juu ya pua zao kuna nyama iliyokunjamana mfano wa jani. Anayemwona mmoja wao kwa karibu mara ya kwanza hudhani amejeruhiwa usoni. Kumbe hicho ndicho chombo chake cha kazi.

Popo wengi wala wadudu hutoa mlio kwa mdomo. Wa pua-jani hutoa mlio kwa pua, hata kama mdomo umejaa nondo. Jani huukusanya mlio na kuuelekeza mbele, kama mtu anavyozungushia viganja mdomoni anapomwita mwenye mtumbwi aliye ng'ambo ya mto. Mlio ukigonga kitu, hurudi kuwa mwangwi, nayo masikio makubwa huupokea. Na mlio wenyewe ni wa kimo kimoja, hushuka mwishoni tu. Hapo ndipo penye ufundi. Tawi lililotulia hurudisha mwangwi uliotulia, lakini mabawa ya nondo yanayopigapiga huutikisa. Popo akisikia mtikisiko huo anajua kwamba pale pana kitu hai, hata kiwe katikati ya majani, gizani.

Mdogo wao anayeenea sana pwani na bara huitwa popo pua-jani wa Sundevall. Uzito wake ni kama gramu 8, na chakula chake kikubwa ni nondo. Yupo pia mkubwa wao, ambaye dume lake huweza kupita gramu 100. Huyo hupenda mbawakawa wenye magamba magumu, na ni miongoni mwa popo wala wadudu wakubwa kuliko wote Afrika.

Jambo linalonigusa ni kwamba vitabu vya sayansi vinawafahamu popo hawa kwa miji yetu wenyewe. Huyo mkubwa alielezwa na Mjerumani Wilhelm Peters mwaka 1852, kwa popo aliyepatikana kisiwa cha Ibo, kaskazini mwa Msumbiji. Mwaka 1877 Peters huyohuyo akamweleza mwingine kutoka Mombasa, ambaye jani lake lina ncha tatu zilizosimama kama meno ya uma. Mwaka 1901 ikawa zamu ya Takaungu, karibu na Kilifi. Kipopo cha Takaungu hakifikishi gramu 6, lakini mlio wake hufikia mitetemo 212,000 kwa sekunde, wa juu kuliko wa karibu popo wote waliowahi kupimwa duniani. Sikio la binadamu hukoma kwenye 20,000. Nondo wengi wana masikio, na wakimsikia popo hujiangusha chini kujiokoa, ila mlio wa Takaungu uko juu kuliko wanavyoweza kusikia. Nondo hukamatwa hajui hata kama anawindwa.

Amerika ya joto nako kuna popo wenye jani puani, zaidi ya aina 200. Wapo wanaokula matunda, wanaonyonya maji ya maua, wanaokamata vyura, na aina tatu zinazokunywa damu. Hao si ukoo mmoja na wetu. Kila upande ulipata jani lake kwa njia yake. Wa kwetu wote ni wala wadudu. Hakuna popo wa kunywa damu Kibiti, wala popote Afrika.

Sasa, delta ya Rufiji ni matope na mikoko, kwa hiyo haina mapango. Popo wa pua-jani hulala mchana akining'inia kwa miguu mahali penye giza na unyevu: visima vikuukuu, magofu, makalavati chini ya barabara, mashimo ya miti mikubwa. Kusini mwa mto, kwenye milima ya Matumbi, mambo ni tofauti. Huko maji yametoboa miamba ya chokaa yakaacha mapango marefu. Pango la Nang'oma, upande wa Kipatimu, liliwahifadhi watu wakati wa vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905. Makao ya namna hiyo popo hawawezi kujichimbia. Wakiyapoteza, wamekwisha.

Tena huyapoteza kwa urahisi. Moshi mmoja wa kuwafukuza, au ziara za mara kwa mara za watu wenye tochi na makelele, zinatosha kulihamisha kundi zima. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, naye mtoto hung'ang'ania tumboni kwa mama kwa kuuma chuchu za bandia zilizo karibu na kinena. Mama akikurupushwa, mtoto huweza kudondoka, na kichanga kikianguka sakafuni mwa pango ni nadra kupona.

Wapo watakaoniuliza kuhusu magonjwa, na wana haki. Tumepata Marburg Kagera mwaka 2023 na tena 2025. Virusi hivyo hubebwa na popo mla matunda anayelala mapangoni, ambaye si wa pua-jani. Hata hivyo usimshike popo yeyote kwa mkono mtupu, wala usimruhusu mtoto kucheza mapangoni. Tahadhari hiyo inatulinda sisi, na popo nao wanabaki na utulivu wao.

Ndugu msomaji wa Kibiti, Rufiji na Kilwa, kama popo wamo darini mwako, usiwachome wala usiwapulizie sumu. Subiri watoke jioni, hakikisha hakuna vichanga vilivyobaki ndani, ndipo uzibe tundu. Na waliomo pangoni, waache walale.