Seva yaandika kabla ya kukujibu!

Washikaji, ningekuwa karani wa mashine ya kukoboa mpunga hapa Bujonde, Kyela, gunia likiingia ningeandika namba yake na alama ya kujumlisha; likitoka, namba ileile na alama ya kutoa. Mashine ikikwama, natafuta gunia lisilo na kutoa. Mawe yamo humo!

Seva za intaneti zinazotumia programu ya Apache zinaweza kuwekewa daftari la namna hiyo. Kila ombi lako linaandikwa kwanza, ndipo linajibiwa. Seva ikizimika ghafla, fundi anajua pa kuanzia.

Ila daftari hilo hunasa mengi, hata neno la siri laweza kuwamo. Fundi akiliacha wazi, umekwisha! Na tangu 2015 Sheria ya Makosa ya Mtandao inampa polisi njia ya kudai data.