Kuhifadhi na Kufahamu

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyempa mwanadamu akili na kumtukuza kwa elimu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu. Mzazi akimwuliza mwanawe amefika wapi chuoni, hujibiwa kwa hesabu: juzuu tano, juzuu kumi, au amekhitimu. Jawabu hilo ni jema, kwani kuhifadhi Kitabu cha Mwenyezi Mungu ni ibada na ni fahari ya nyumba. Lakini hicho ni kipimo cha ulimi. Je, kufahamu nako tukupime kwa nini?

Neno lenyewe fiqhi, tunaloliita leo elimu ya sharia, asili yake katika Kiarabu ni kufahamu. Na tutazame visa viwili.

Cha kwanza ni cha Sahaba Adiyy bin Hatim (R.A.), walichokipokea Bukhari na Muslim. Katika Sura Al-Baqara, aya ya 187, wafungaji wameruhusiwa kula usiku mpaka uzi mweupe upambanuke na uzi mweusi. Adiyy alichukua kamba mbili, nyeupe na nyeusi, akaziweka chini ya mto wake, akawa akizitazama usiku, hazikumpambanukia. Asubuhi akamwendea Mtume (S.A.W.), naye akamweleza kuwa makusudio ni weusi wa usiku na weupe wa mchana. Adiyy alikuwa Mwarabu, na hakuna neno la aya ile asilolijua. Kilichompita ni makusudio.

Kisa cha pili, alichokipokea Abu Dawud, kinatisha zaidi. Mtu mmoja safarini alipasuliwa kichwa kwa jiwe, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenziwe kama anayo ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.), aliwalaumu kwamba wao ndio waliomwua, na akabainisha kuwa dawa ya asiyejua ni kuuliza. Hukumu waliyoitoa ilikuwa sahihi kwa mtu mwenye afya. Hawakuujua mpaka wake.

Basi, kutokana na haya tunapata vipimo vinne. Kwanza, uweze kulieleza jambo kwa maneno yako mwenyewe, hata kwa mtoto, na maana isipotee. Pili, ujue sababu ya hukumu na mahali inapobadilika. Tatu, ujue elimu yako inapokomea, uulize. Na wahenga wetu walisema kuuliza si ujinga. Nne, lionekane katika amali. Abu Abdurrahman As-Sulami, katika Tabiina, amesimulia kuwa waliomsomesha Qurani walikuwa wakijifunza aya kumi, wasizivuke mpaka wamejua elimu na amali iliyomo ndani yake.

Msidhani kuwa mambo haya yamepita na watu wake. Mgonjwa wa kisukari huingia Ramadhani, na jirani akamhimiza afunge na dawa aiache mpaka magharibi. Jirani huyo anajua kuwa saumu ni faradhi. Hajafahamu kuwa aliyeifaradhisha ndiye aliyempa mgonjwa ruhusa, na kwamba daktari na mwanachuoni wapo wa kuulizwa.

Kwa hiyo tunawausia wazazi na walimu: mtoto akimaliza kuisoma Sura Al-Maun, yenye aya saba, msimpe sura nyingine papo hapo. Mwulizeni imewalaumu watu gani. Akiwataja wanaomsukuma yatima, wanaoghafilika na sala zao na wanaowanyima wenzao vitu vya matumizi, mwulizeni yatima wa mtaa wetu ni nani. Kisha mtazameni siku jirani atakapokuja kuazima kinu au mbuzi ya nazi. Hapo mtajua sura hiyo imefika wapi, ulimini au moyoni.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, atufahamishe dini yake, na atujaalie kuyatenda tunayoyafahamu. Amin.