Kulala Juu, Kukaa Barazani: Nyumba ya Mrufiji na Afya Yake

Katika karne ya 10, mwanajiografia al-Istakhri aliandika kuwa nyumba za Siraf, bandari ya Uajemi, zilikuwa za ghorofa, zikijengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanji, yaani pwani yetu. Karne nyingi baadaye majahazi yalikuwa bado yakipakia boriti za mikoko katika delta ya Rufiji na kuzivusha hadi Ghuba ya Uajemi. Huko upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Watu walishinda uani kivulini, na usiku wa joto wakalala juu ya paa. Mti ulikuwa wetu, ila ghorofa ikawa ya wengine.

Hata hivyo kulala juu si jambo geni kwa Mrufiji. Mkulima wa mpunga bondeni hujenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, akaishi humo na familia yake msimu mzima, akilinda shamba dhidi ya ndege na nguruwe huku maji yakipita chini. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968 serikali iliwahamishia wakazi wengi wa bondeni kwenye vijiji vya nchi ya juu, nao wakajenga nyumba za chini. Mwezi Aprili 2024 maji yalipofurika tena Rufiji na Kibiti, nyumba kama hizo zilizama na familia nyingi zikakosa makazi.

Maji si hatari pekee. Mbu wengi waenezao malaria huruka karibu na ardhi na kuingia kupitia mwanya ulio kati ya ukuta na paa. Huko Gambia watafiti waliinua vibanda vya majaribio hadi mita 3, na mbu hao walioingia wakapungua kwa asilimia 84. Mkoani Mtwara zimejengwa nyumba 110 za ghorofa moja zenye vyumba vya kulala juu na kuta zipitishazo hewa, ili kupima iwapo watoto wataugua kidogo. Wabunifu wake walitazama nyumba za Asia. Wangeweza pia kutazama dungu. Chandarua, hata hivyo, hakiachwi, wala ngazi isiyo na ukingo haifai penye mtoto anayetambaa.

Ninaloliogopa katika ghorofa ni kupotea kwa baraza. Katika nyumba ya Kibiti, mgonjwa wa kiharusi hutolewa asubuhi akaketi barazani; wapitao humjulia hali, na jirani huwa wa kwanza kuona kwamba leo mdomo umepinda zaidi au kwamba hakunywa dawa. Mpandishe mgonjwa huyo orofa ya tatu mjini, penye ngazi nyembamba na mlango wa chuma, naye hatamwona mtu hadi jioni. Kwa hiyo anayechora nyumba ya ghorofa hana budi kuacha chumba kimoja cha kulala chini, baraza pana mbele, na ua ambamo mama aliyejifungua ataota jua bila kutazamwa na njia nzima.

Nawe mhudumu wa afya, unapomtembelea mgonjwa nyumbani, uliza analala wapi, kisha uliza anashinda wapi.