Vipimo havionyeshi kitu, mbona mwili wauma?

JE, msomaji, umewahi kuumwa na kifua au mgongo miezi nenda miezi rudi, na kila daktari akakwambia huna ugonjwa?

Kwa mkazi wa Mokowe, kutafuta jibu ni safari. Hupanda boti hadi hospitali ya King Fahd kisiwani Lamu. Asiporidhika, hushika basi la Malindi au Mombasa. Hurudi na bahasha ya picha za eksirei na mfuko mtupu, maumivu yakiwa pale pale. Nyumbani nako minong'ono huanza: "Ajisingizia huyu." Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Ukweli ni kwamba maumivu hayo si ya uongo. Mwaka 2013, chama cha madaktari wa akili cha Marekani kilibadilisha namna ya kuitambua hali hii. Kigezo si tena vipimo kukosa kuonyesha kitu. Kinachoangaliwa ni jinsi dalili zinavyomtawala mtu: hofu isiyokwisha, mawazo yasiyokatika na muda mwingi kupotea, kwa kawaida kwa zaidi ya miezi 6. Hata mwenye ugonjwa unaoonekana aweza kuwa nayo.

Hapa Kenya, madaktari Ndetei na Muhangi walichapisha mwaka 1979 uchunguzi wa wagonjwa wa kliniki moja ya mashambani. Takriban mmoja kati ya kila watano alikuwa na matatizo ya akili, hasa wasiwasi na huzuni.

Ubongo na gati

Fikiria gati la Mokowe. Mizigo mingi ya bara iendayo kisiwani hupitia hapo. Ubongo nao una sehemu nyingi zinazopelekeana habari. Moja huitwa insula, neno la Kilatini lenye maana ya kisiwa. Hiyo hupokea habari za tumbo, moyo na misuli. Sehemu nyingine huamua habari ipi ni ya hatari.

Watafiti wanaopiga picha za ubongo kwa mashine za sumaku wameona kwamba kwa baadhi ya wagonjwa hawa, mawasiliano kati ya sehemu hizo hutofautiana na ya watu wengine. Ni kama gati ambapo kila kifurushi, hata cha chumvi, hutangazwa kuwa ni cha dharura. Hata hivyo, picha hizo bado hazitumiki kumpima mgonjwa mmoja mmoja.

Hofu huzidisha mambo. Misuli hukaza, moyo huenda mbio, na ubongo husikiliza mwili zaidi. Na Lamu imeonja hofu: Juni 2014, zaidi ya watu 60 waliuawa katika mashambulizi ya Mpeketoni na vijiji jirani. Hofu ya namna hiyo haiishi siku ya mazishi.

Ufanye nini?

Kwanza, pimwa vizuri. Damu, homa, kukonda ghafla au kifua kubana ni mambo ya kuonwa haraka. Pili, chagua daktari mmoja umwone kwa miadi, badala ya kuhama hospitali hadi hospitali. Tatu, kubali ushauri nasaha. Mazungumzo na mtaalamu huwasaidia wengi. Fanya mazoezi kidogo kidogo, na dawa unywe za daktari tu.

Nawe uliye na mgonjwa nyumbani, usimcheke. Muulize nini kinamsumbua, kisha umsikilize. Mficha maradhi kifo humfichua.